Gari Zipo, Tripu Hazipo

Simama kituo cha Mnazi Mmoja au Gerezani, Dar es Salaam, saa 11 na nusu jioni na utasikia maneno yale yale kila upande: "Leo gari hazipo." Lakini zipo. Ukiamua kutembea kwa miguu kufuata Barabara ya Kilwa au ya Nyerere utazikuta njiani, zimebanwa kwenye foleni. Zinazotoka mjini zimejaa mpaka mlangoni, na zinazorudi zina abiria watatu wanne wanaosinzia. Leseni hazijafutwa na madereva hawajagoma. Kilichopungua ni tripu, na abiria aliyeko kituoni anasubiri tripu.

Ukishaitenganisha gari na tripu, kero nyingi za usafiri wa Dar es Salaam zinaanza kueleweka: kwa nini konda anakata ruti, kwa nini mwanafunzi anazuiwa mlangoni, kwa nini gari linafika kituo cha mwanzo likiwa na watu wameshakaa, na kwa nini hata mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka yenye barabara yake, inaweza kukosekana nusu saa kisha yakaja mabasi matatu kwa mpigo. Tuanze na hesabu. Ni za darasa la tano tu.

Mzunguko mmoja

Tuchukue ruti ya mfano yenye kilomita 15 na daladala 40 aina ya Coaster. Mchana, gari linatumia dakika 45 kwenda, 45 kurudi, na dakika 15 kila mwisho likingoja zamu na kupakia. Jumla ni dakika 120. Magari 40 yakigawana dakika 120, kila dakika 3 linapita moja, yaani 20 kwa saa.

Jioni, kwenda kunachukua saa 1 na dakika 45. Kurudi ni saa 1 na robo, kwa sababu hata upande usio na abiria wengi unakwama kwenye makutano yale yale. Vituo vya mwisho havina kusubiri tena, tuseme dakika 20 kwa vyote viwili. Mzunguko sasa ni dakika 200. Gari linapita kila baada ya dakika 5, yaani 12 kwa saa. Ruti imepoteza tripu 8 kila saa na hakuna hata dereva mmoja aliyekwenda kulala.

Kila gari likibeba watu 45, waliokaa na walioshika bomba, ruti hiyo inaondoa watu 540 kwa saa. Wakija kituoni watu 1,000 kwa saa, 460 wanabaki. Baada ya saa mbili wamebaki 920. Ifikapo saa 12 na nusu watu wapya wanapungua, lakini wale 920 bado wapo. Foleni ikianza kulegea, ruti ikamudu watu 700 kwa saa huku wakija wapya 300, itahitaji zaidi ya saa mbili kumaliza mabaki. Ndiyo maana saa 2 usiku, ofisi zikiwa zimefungwa zamani, kituo bado kina nyomi.

Hapo pana jambo la kumsaidia abiria moja kwa moja. Kuchelewa kutoka kazini kwa nusu saa "ili watu wapungue" hakusaidii, kwa sababu unaingia katikati ya mabaki yakiwa bado yanaongezeka. Kuwahi nusu saa kabla mabaki hayajaanza kujengeka kunasaidia sana. Kama kuwahi haiwezekani, basi chelewa kweli kweli, saa mbili au zaidi.

Je, tuongeze magari? Ili ruti hiyo irudi kwenye gari moja kila dakika 3 jioni, zinahitajika Coaster 67, yaani 27 zaidi. Hizo 27 zitakaa mchana zikigombea abiria wasiokuwepo, na jioni zitaingia kwenye foleni ile ile na kuirefusha. Mwenye gari anayajua haya bila kuambiwa na mtaalamu, na ndiyo sababu haongezi.

Gari lililojaa halilipi

Abiria aliyebanwa kama dagaa anaamini konda anatajirika. Tuhesabu, nauli ikiwa shilingi 700.

Mchana gari linaondoka na watu 28 na kurudi na 20. Ni 48 mara 700, sawa na 33,600 kwa dakika 120. Kwa saa moja ni 16,800. Jioni linaondoka na 45 na kurudi na 8. Ni 53 mara 700, sawa na 37,100 kwa dakika 200. Kwa saa moja ni kama 11,100. Gari lililofurika linaingiza pungufu kwa saa kuliko lile lenye siti tupu, na bado halijatozwa mafuta yanayoungua likiwa limesimama, wala klachi inayokwisha kwa kusogea mita mbili mbili.

Sasa ongeza mpango wa kazi wenyewe. Dereva na konda kwa kawaida hawana mshahara. Gari ni la tajiri, na kila siku wanampelekea hesabu, kiasi kilichokubaliwa bila kujali siku ilikuwaje. Mafuta ni juu yao. Mpiga debe wa stendi naye anachukua chake. Kinachobaki ndiyo posho yao. Kama kuna deiwaka, dereva wa kibarua, aliyewashikia gari kwa tripu mbili, naye ana fungu. Ikifika saa 10 jioni hesabu haijatimia, kila dakika ndani ya foleni ni hela inayotoka mfukoni mwao wenyewe, haitoki kwa tajiri wala kwa serikali.

Katika hali hiyo suka, yaani dereva, ana njia nne za kujiokoa, na zote nne abiria anazijua kwa jina la usumbufu.

Ya kwanza ni kukata ruti, yaani kuishia njiani kabla ya mwisho wa ruti. Viwango vya nauli za daladala vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na kuanza kutumika Desemba 2023 viliweka shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10. Rudi kwenye mfano wetu: gari likiishia kilomita ya 8, linakwenda kwa dakika 55, linarudi kwa 40, na dakika 10 za kupakia. Ni dakika 105. Watu 45 kwenda na 8 kurudi, kila mmoja 600, ni 31,800. Kwa saa ni zaidi ya 18,000, ukilinganisha na ile 11,100 ya ruti nzima. Abiria wa mwisho wa njia analipa 600 mara mbili kwa safari ya 700. Mchoro wa nauli wenyewe unamtuma dereva akate: kilomita za kwanza zinalipa vizuri, za mwisho zinalipa shilingi 100 tu ya nyongeza huku zikila robo tatu za saa. Askari anaweza kukamata gari mojamoja, na kukata ruti ni kosa la kuvunja masharti ya leseni, lakini hesabu hiyo itaendelea kuwepo kesho yake.

Ya pili ni kujaza kupita kiasi. Hii haihitaji maelezo marefu: abiria wa 46 hana gharama yoyote kwa konda.

Ya tatu ni kumkwepa mwanafunzi. Nauli yake ni 200. Jioni, kila sentimita ya sakafu ina mtu mzima mwenye 700 mkononi, hivyo mwanafunzi mmoja ni hasara ya 500. Mchana gari likiwa na nafasi mwanafunzi huyo huyo ni faida, na utamwona konda yule yule akimwita "njoo mdogo wangu". Punguzo la wanafunzi ni sera ya serikali, lakini bili yake wamebebeshwa suka na konda. Konda anaposema "wanafunzi wawili tu" anaikataa bili hiyo. Watoto ndio wanaobaki kituoni mpaka giza linaingia, na hapo sioni namna ya kumtetea, ingawa naona ilikoanzia.

Ya nne watu wengi hawaitambui: kupaki. Baadhi ya madereva, wakishatimiza hesabu, huegesha kati ya saa 11 na saa 1, wakala, wakarudi barabarani foleni ikiisha. Kwa hesabu tuliyoiona, ni uamuzi wa busara kabisa kwa mwenye kuufanya, nao unaondoa gari barabarani saa ile ile linapohitajika.

Kugeuza nalo

Kwa sababu nauli imepangwa na mamlaka, konda hawezi kutangaza mlangoni kwamba jioni hii ni 1,500. Bei ikizuiwa kupanda kwa pesa, hupanda kwa njia nyingine: kwa muda, kwa nguvu za mwili, au kwa kugeuza.

Kugeuza nalo ni hivi. Abiria wa Mbagala anayetaka siti haendi kusubiri kwenye kituo cha kupakilia. Anarudi nyuma vituo viwili vitatu, anapanda gari linaloelekea mjini kabla halijafika mwisho, anakaa, anafika nalo, haliachi, linageuka naye. Analipa nauli mbili, au moja na nusu kama konda ni mwelewa. Gari linapoingia kituoni watu mia wanalikimbilia, wanachungulia na kukuta siti zote zina watu waliotulia wakiangalia simu. Kinachogombewa ni bomba.

Ukitazama vizuri, huo ni mnada. Siti imepata bei yake, kama shilingi 1,200 au 1,400, na walioweza wamelipa. Tatizo ni kwamba kila anayegeuza anamsukuma mwingine ageuze pia: mwanzoni watu waliifanya kutoka kituo cha pili, kisha cha tatu, na sasa kuna ruti ambazo mtu hurudi nyuma kilomita kadhaa ndipo apate nafasi. Konda anapenda, kwa kuwa tripu ya kurudi mjini, ambayo ingekuwa tupu, imepata wateja.

Kugeuza kunalipa lini? Pima hivi: kama kusubiri kwako kwa kawaida kunazidi dakika 40 na safari yenyewe inazidi saa moja, nauli ya ziada inanunua kitu cha maana. Kama safari ni ya dakika 25, shika bomba.

Na ukishapata uchaguzi wa siti, fikiria jua. Anayetoka Mbagala asubuhi anaelekea kaskazini na jua liko kulia kwake. Jioni anarudi kusini na jua liko kulia tena. Akae kushoto, safari zote mbili. Wa Tegeta na Bunju ni kinyume: akae kulia, asubuhi na jioni. Siti ya juu ya injini, pembeni ya dereva, iache kwa anayeshuka karibu.

Mlangoni

Coaster ina mlango mmoja wa abiria. Watu wakipanda kwa mpangilio, kila mmoja anatumia kama sekunde 3, kwa hiyo 45 wanaingia kwa dakika mbili na robo. Wakigombania, huku wanaoshuka wakipasua njia katikati yao, muda huo unaweza kuwa mara mbili au zaidi. Gari lililosimama dakika tano kituoni limefunga njia ya pembeni, na magari ya nyuma yake yanachepuka kwenda njia ya pili, nayo inaziba. Kila kituo ni kizibo kidogo cha barabara nzima.

Kwa nini basi watu wasipange mstari? Mstari unafanya kazi pale aliye wa kumi ana uhakika kwamba gari lijalo litasimama mbele yake, litakwenda anakokwenda na litafika mwisho. Hapa gari huenda likasimama mita 30 mbele, likabadili kibao, au likawa limeshajaa waliogeuza. Asiye na uhakika wowote kati ya hayo matatu, akisimama kwenye mstari anajidhulumu. Ndiyo maana kwenye vituo vya mwisho vyenye msimamizi anayepanga magari mstari hutokea bila fujo, na kituo cha katikati ya njia hautokei hata siku moja. Kule Mbagala Rangi Tatu na Gongo la Mboto, kupitia dirishani kumekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba vijana hurusha begi kwanza kushika siti, kisha wao wenyewe hufuata.

Dakika hiyo ya mlangoni ndiyo saa ya kazi kwa vibaka. Mara nyingi wanakuwa wawili au watatu: mmoja anakwama mlangoni makusudi, kana kwamba ameangusha kitu, mwingine anasukuma nyuma, wa tatu anachomoa. Mtu akishika nguzo kwa mikono miwili hana mkono wa kulinda mfuko. Simu na nauli visikae sehemu moja. Nauli itoe kabla, noti ndogo, ishike kiganjani. Simu iwe ndani ya begi lililovaliwa kifuani, zipu ikielekea mwilini. Kama mtu aliye mbele yako ameganda mlangoni bila sababu, rudi nyuma, liache gari hilo.

Msongamano pia ndio kificho cha wanaume wanaoshikashika na kujisugua kwa wanawake. Hilo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu; yeyote anayeliita "ajali ya kubanana" anajua anachokisema. Kumtaja mhusika kwa alama inayoonekana, kwa sauti ("wewe mwenye shati la bluu, toa mkono"), hufanya kazi kuliko kelele ya jumla, kwa sababu inawapa abiria wengine mtu wa kumtazama. Konda anapaswa kumshusha, na abiria wakisimama pamoja, kwa kawaida hushushwa.

Walioshika bomba wana kanuni yao moja ya maana: usikae karibu na mlango isipokuwa unashuka kituo kinachofuata. Ingia mpaka nyuma. Anza kusogea kituo kimoja kabla, ukitangaza, maana anayesubiri gari lisimame ndipo apite katikati ya watu 20 atapitilizwa.

Nairobi walichagua upande wa pili

Mfano wa kulinganisha uko jirani. Kenya, chini ya Waziri John Michuki, kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliweka abiria 14 kwa matatu ndogo, mkanda kwa kila siti, kidhibiti mwendo na mstari wa njano ubavuni. Kusimama kulikatazwa. Nauli, tofauti na Dar, haipangwi na mamlaka kwa kila ruti. Hupanda na kushuka kulingana na saa na hali ya hewa. Jioni ikinyesha, nauli ya Nairobi inaweza kuwa mara mbili ya ile ya mchana.

Matokeo yanafuata hesabu ile ile. Nairobi mwenye pesa anapata siti, asiye nayo anatembea kwa miguu, na kwa maelfu ya wafanyakazi wa viwandani kutembea ndiyo usafiri wao wa kila siku. Dar kila mtu ana haki ya kupanda kwa bei ile ile, ila haki hiyo inadaiwa kwa viwiko. Upungufu wa tripu uko pande zote mbili, ila unagawanywa tofauti. Mimi naona Dar inawaonea zaidi wazee, wajawazito na wenye mizigo, na Nairobi inawaonea zaidi maskini. Anayesema mji mmoja umelitatua hajasafiri jioni kwenye mwingine.

Mwendokasi ilitibu nini

Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, jumla ya kilomita kama 21. Dawa yake kuu ni barabara ya peke yake katikati ya Barabara ya Morogoro. Basi lisilokaa kwenye foleni halipotezi tripu, na ule mzunguko wa dakika 200 haupo. Nauli inalipwa kabla ya kupanda, jukwaa liko usawa wa sakafu ya basi, na milango kadhaa inafunguka kwa pamoja upande wa kulia, hivyo kituo kinachukua sekunde badala ya dakika.

Angalia ukubwa wa jambo hilo. Njia moja ya barabara, taa zikiwa kijani muda wote, hupitisha magari madogo yapatayo 1,800 hadi 2,000 kwa saa. Yakiwa na watu wawili wawili au mmoja mmoja, ni kama watu 3,000. Basi refu la mita 18 linabeba takriban 150. Mabasi hayo 20 kwa saa, moja kila dakika 3, yanabeba hao hao 3,000, na barabara inabaki nyeupe muda mwingi. Dereva wa gari dogo anayeiona njia hiyo "imekaa bure" anadanganywa na macho.

Lakini barabara bila mabasi ya kutosha inahamisha foleni tu, kutoka lami kwenda jukwaani. Awamu ya kwanza ilianza na mabasi 140 wakati mpango ulihitaji 305. Mengine yakaharibika, vipuri vikasubiriwa, na karakana ikawekwa Jangwani, bondeni kabisa mwa Mto Msimbazi, ambako mafuriko yaliwahi kuyakuta mabasi yakiwa yameegeshwa. Mvua ikizidi, barabara hufungwa hapo, na vituo vya Magomeni na Fire, kila kimoja upande wake wa bonde, vinakuwa kama miji miwili. Kuinua barabara na daraja la Jangwani ni sehemu ya mradi wa bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Halafu kuna suala la Kimara. Asubuhi watu wengi wa Mbezi, Kibamba na Kibaha wanashukia hapo, hivyo basi linajaa kabla halijaanza safari. Wa Korogwe, Baruti, Kona na Kibo wanaona milango ikipita imefungwa, au ikifunguka kwa mtu mmoja kujipenyeza. Wengine hupanda kwanza kwenda Kimara ili wageuze, na kuongeza tatizo hapo hapo. Dawa inayojulikana ni kupeleka mabasi matupu yapite Kimara bila kupakia na kuanzia kituo cha mbele, Korogwe kwa mfano. Wanaosubiri Kimara watalipokea kwa matusi wakiliona linapita tupu, lakini ndilo litakalowatoa wa Korogwe mpaka Kibo.

Na yale mabasi matatu kwa mpigo? Basi la kwanza likichelewa dakika mbili tu, linakuta watu wengi zaidi kituoni. Kuwapakia kunalichelewesha zaidi, na kituo kinachofuata kinakuwa na wengi zaidi tena. La pili linakuta wachache, linapakia haraka, linalikaribia la kwanza. La tatu vivyo hivyo. Baada ya vituo kumi yanakwenda kama treni, la mbele limefurika, la nyuma lina siti. Hakuna dereva aliyezembea. Kinga yake ni msimamizi mwenye mamlaka ya kulizuia basi la pili kituoni kwa dakika mbili hata kama abiria wanapiga kelele. Kwako abiria: ukiona la kwanza limejaa na umekaa muda mrefu bila basi, usijitupe humo. La nyuma yake liko karibu sana, na lina nafasi. Kadi yako iwe na salio, kwa sababu dakika unazopoteza dirishani ukingoja chenji ndizo basi hilo la pili linapita.

Makutano

Saa za msongamano, makutano mengi makubwa ya Dar huongozwa na trafiki kwa mkono, taa zikiwaka bila kusikilizwa. Askari anaruhusu upande mmoja kwa dakika nyingi, wakati mwingine zaidi ya 10. Ana sababu: kila unapobadilisha upande kuna sekunde zinazopotea, na zamu ndefu inapunguza mabadiliko. Hasara yake iko nyuma asikokuona. Upande uliozuiwa unarefuka mpaka unaziba makutano ya nyuma, na hapo hata waliokuwa wanakwenda kwingine wananaswa. Askari wa pale naye anarefusha zamu yake ili ajikomboe. Bila redio ya pamoja, kila mmoja anafanya sawa kwake na wote wanakosea kwa pamoja.

Barabara za juu zimesaidia: Mfugale pale Tazara tangu 2018, Kijazi pale Ubungo tangu 2021. Aliyekuwa anakwama Ubungo hakwami tena Ubungo. Anakwama mbele yake, kwenye makutano ya kawaida yanayopokea magari mengi na ya haraka kuliko zamani. Barabara ina uwezo wa sehemu yake finyu kuliko zote, na ukiitanua moja unaikuta ya pili. Anayekaa njia ya Pugu ana bahati ya kuwa na treni ya mjini, huduma iliyoanza Dar Oktoba 2012 na ambayo watu waliibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Mwakyembe. Tripu zake ni chache, lakini muda wake haubadilishwi na foleni ya lami.

Nani alipe muda uliopotea

Turudi kwa suka na konda, kwa sababu hapo ndipo mabadiliko yangeuma au kuponya. Leo gharama ya foleni wanaibeba wao, na wanaisukumia kwa abiria kwa zile njia nne. Bogotá, Kolombia, mji ambako mfumo wa Dar uliigwa, tangu mabasi yake ya haraka ya TransMilenio yaanze Desemba 2000 mwendeshaji analipwa hasa kwa kilomita alizotembea kwa ratiba. Pesa ya nauli inaingia kwenye mfuko mmoja, na kampuni inalipwa kutoka humo. Dereva ana mshahara. Mwanafunzi na mtu mzima ni sawa kwake, kukata ruti ni kujikata malipo, na kupaki saa 11 ni kuvunja mkataba.

Ila kulipwa kwa kilomita kuna ugonjwa wake. Dereva asiyemhitaji abiria anaweza kupita vituo bila kusimama, kwani kusimama kunamchelewesha na hakumwongezei kitu. Kwa hiyo mkataba huo lazima uje na kifaa cha kufuatilia kila basi, wakaguzi, na faini kwa kituo kilichorukwa. Na saa ambazo nauli hazitoshi kulipia kilomita, mtu lazima aongeze pesa: hazina ya serikali, halmashauri, au wenye magari binafsi kupitia ada ya maegesho katikati ya mji. Hapo ndipo mazungumzo mengi hukwama. Punguzo la mwanafunzi, kwa mfano, lingeweza kulipwa na serikali kwa kila kadi ya shule inayoguswa mlangoni, 500 iliyobaki ikaingia kwenye akaunti ya mwenye gari jioni hiyo hiyo. Teknolojia ya kufanya hivyo ipo; swali ni nani atatenga fungu la bajeti lake.